Mji wako unataka kukopa ili kumsaidia mwenye kiwanda: namna ya kukagua kabla hujapiga kura (Maine, Marekani)

Tangazo la mkutano wa mji lilikuwa limebandikwa ubaoni pale posta, kurasa nne kwa pini mbili, na baridi ya Machi imeshazikunja pembe. Jirani yangu, mama wa Uvira aliyenunua nyumba hapa Maine mwaka juzi, alilipiga picha kwa simu akanitumia. Hoja ya 31 ilisema: je, mji ukubali kukopa hadi dola milioni 3 ili kampuni fulani ipate pa kuanzishia kiwanda? Chini ya picha aliandika: "Ndugu yangu, hii milioni tatu ni ya nani?"

Usiku ule nilimjibu kwa mistari miwili. Hapa namjibu kwa kirefu, kwa faida yake na ya wengine wanaosoma matangazo ya namna hii Lewiston, Portland na vijiji vya pembeni. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kutafsiri, na nimekaa kwenye mikutano ya miji, ile ambayo wapigakura hukutana ukumbini na kuamua hoja wenyewe, kiasi cha kujua mahali ambapo watu huuliza swali zuri siku ambayo swali hilo halifai kitu tena. Kwa hiyo nimepanga hatua hizi kufuata kalenda. Pingamizi lina nguvu kabla hatifungani, yaani karatasi za deni ambazo mji huuza ili kupata mkopo, hazijauzwa. Zikishauzwa, unabishana na mtu wa mbali aliyetoa pesa zake.

Kwanza, kilichotokea Jay

Ukitoka Lewiston ukafuata mto Androscoggin kuelekea juu, utafika Jay. Wengi wanaujua mji huo kwa kiwanda cha karatasi ambacho mtungi wake mkubwa wa kupikia mbao ulilipuka Aprili 2020, na ambacho kilifungwa mwaka 2023. Wanasheria wanaujua kwa kesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, wafanyabiashara wawili, Hutchins na Lane, walikuwa tayari kuweka pale kiwanda cha kupasua mbao kwa mvuke, kinu cha kusaga nafaka na karakana ya masanduku. Mkutano wa mji ukapiga kura wakopeshwe dola 10,000 kwa jina la mji, mradi nao watie dola 12,000. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuubariki mpango huo. Walipakodi kadhaa hawakukubali, wakaenda mahakamani. Mwaka 1872 mahakama kuu ya jimbo, chini ya Jaji Mkuu John Appleton, ikasema haiwezekani: kodi hutozwa kwa nguvu, na nguvu hiyo haikutolewa ili pesa ya jirani mmoja ichukuliwe na kukopeshwa jirani mwingine afanyie biashara yake. Kura ya wengi haikuiponya kasoro hiyo, wala sheria ya Bunge. Mwaka uliotangulia, majaji hao walikuwa wameshalijibu Bunge swali kama hilo, na jibu lilikuwa lile lile.

Miaka miwili baadaye jambo likafika Mahakama Kuu ya Marekani kutoka Kansas. Jiji la Topeka lilikuwa limetoa hatifungani 100 za dola 1,000 kila moja na kukipa kiwanda cha madaraja ya chuma. Kiwanda kikaziuza, zikaangukia mikononi mwa Citizens' Savings and Loan Association ya Cleveland. Topeka ikalipa riba ya kwanza, kisha ikagoma. Jaji Samuel Miller aliandika kwamba serikali ikichukua mali ya raia kwa mkono mmoja na kuwapa wapendwa wake kwa mkono mwingine, huo ni unyang'anyi hata kama umevaa nguo za sheria. Hatifungani zikawa batili, na aliyeuziwa akabaki na karatasi.

Lakini usishangilie bado. Mwaka 1864, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kinyume kuhusu jiji la Dubuque, Iowa, lililotoa hatifungani kwa ajili ya kampuni za reli. Mahakama ya Iowa ilikuwa imebadili msimamo na kusema hatifungani za aina hiyo hazikubaliki kikatiba. Washington ikasema walionunua wakati msimamo wa zamani ukiwa bado halali lazima walipwe. Na yapo maeneo ya Marekani yaliyolipa kwa miongo kadhaa madeni ya reli ambazo treni zake hazikufika. Mnunuzi wa Topeka alipoteza, wa Dubuque akashinda. Wewe usiingie kwenye bahati nasibu hiyo, pinga mapema.

Hatua ya 1: Jua mdaiwa ni nani

Soma hoja neno kwa neno, kwa penseli. Unatafuta jambo moja: kampuni ikifa, nani anabaki na deni? Majibu huwa ya aina nne, na lugha ya ofisini huyafanya yafanane.

Aina ya kwanza ni hatifungani zinazobebwa na imani na uwezo wote wa mji wa kutoza kodi. Hapo mdaiwa ni wewe, kupitia nyumba yako. Kampuni ikilipa, vizuri. Isipolipa, kodi ya majengo inapanda mpaka deni liishe.

Ya pili ni hatifungani zinazolipwa na mapato ya mradi peke yake, tuseme kodi ya pango ya jengo. Mnunuzi ameambiwa tangu mwanzo kwamba mfuko wa mji haumo. Mradi ukianguka anaumia yeye.

Ya tatu ni dhamana: mji haukopi, unaahidi kulipa mwingine akishindwa. Hii ndiyo inayopita kimyakimya, kwa sababu siku ya kura hakuna senti inayotoka. Tafuta maneno ya kudhamini, kuahidi au kuunga mkono mkopo. Jirani mtu wa Mombasa aliyewahi kumdhamini shemeji yake benki hahitaji maelezo zaidi.

Ya nne ni punguzo au marejesho ya kodi. Kisheria si deni, na nimeiwekea hatua yake chini.

Jihadhari na kitu cha tano kinachokaa katikati, kinachoitwa wajibu wa kimaadili. Karatasi inasema wazi kwamba serikali hailazimiki kulipa, ila itaombwa "ifikirie" kulipa. Mwaka 2010 shirika la maendeleo la jimbo la Rhode Island lilitoa hatifungani za dola milioni 75 za aina hiyo ili kuivuta kampuni ya michezo ya video ya 38 Studios, ya Curt Schilling, mrusha mpira mashuhuri wa besiboli. Iliahidi ajira 450. Mwaka 2012 ikafilisika. Kisheria jimbo lingeweza kukataa kulipa, lakini wabunge waliogopa kwamba siku nyingine wakitaka kukopa wangetozwa riba kubwa, wakalipa. Kesi zilizofuata zilirudisha takriban dola milioni 61 kutoka kwa walioshiriki kuupanga mpango. Kwa hiyo ukiambiwa "hatulazimiki", uliza kama wana ubavu wa kukataa.

Hatua ya 2: Tafuta kifungu kinachowapa ruhusa

Baada ya uamuzi wa Jay, Maine haikukaa na mlango uliofungwa milele. Viwanda vilikuwa vikihamia kusini. Mississippi ilianza mwaka 1936 kuziruhusu manispaa zake zikope na kujenga majengo ya viwanda, na mwaka 1938 mahakama ya jimbo hilo ikaukubali mpango huo katika kesi ya mji wa Winona, kwa hoja kwamba kupambana na ukosefu wa kazi ni shughuli ya umma. Majimbo mengine yakafuata, moja baada ya jingine.

Maine ilifungua mlango kwa njia safi zaidi, kwa kuandika ndani ya katiba yake. Fungua Ibara ya VIII, Sehemu ya Pili, kifungu cha 2. Ukikisoma taratibu utaona vipimo vyake:

- wapigakura walioandikishwa ndio wanaoidhinisha, kwa wingi wa kura, si bodi ya mji peke yake;
- lengo ni kuvuta au kuhamishia ndani ya mji shughuli za viwanda na uzalishaji;
- pesa ni ya kununua ardhi au kujenga majengo ya matumizi ya viwanda;
- majengo hayo mji huyapangisha au huyauza kwa kampuni ya viwanda inayoaminika.

Sasa ilinganishe na Hoja ya 31. "Kampuni ipate pa kuanzishia kiwanda" inaweza kuwa jengo, na jengo linaingia humo. Inaweza pia kuwa mishahara ya miezi sita, malighafi na gari la mkurugenzi, na hayo kifungu hakiyataji. Jengo likibaki la mji mpaka linunuliwe, mpangaji akikimbia unabaki na kuta, paa na kiwanja. Pesa taslimu ikishaliwa unabaki na barua za mawakili. Binafsi naona aliyeandika kifungu hiki aliikumbuka Jay vizuri.

Kama viongozi wanategemea sheria nyingine ya jimbo badala ya kifungu hiki, waombe namba yake kwa maandishi. "Tunaruhusiwa" si jibu. Namba ya sheria ni jibu.

Hatua ya 3: Pima manufaa ya umma

Kupata kifungu cha ruhusa hakumalizi kazi, maana mahakama bado inaweza kuuliza kama manufaa ni ya umma kweli. Mwaka 1983 mahakama kuu ya Maine ilikubali jimbo na jiji la Portland zitumie hatifungani kuweka karakana ya kukarabati meli na kuipangisha kwa Bath Iron Works. Kampuni binafsi ilinufaika sana, hakuna aliyebisha. Ila wapigakura walikuwa wameidhinisha, kulikuwa na mkataba wa kupangisha, na mahakama iliona manufaa ya umma hayakuwa ya kubahatisha tu.

Kwa hiyo, mbele ya mpango wowote, jiulize: umma unapata nini mkononi? Mali? Kodi ya pango? Bomba la maji ambalo mtaa mzima utalitumia? Au unapata matumaini kwamba watu wataajiriwa na kununua mikate?

Majimbo hayafanani kwenye swali hili, na ndugu walioko nje ya Maine wasichukue jibu la hapa wakalipeleka kwao. Arizona ni kali. Mwaka 2021 mahakama yake kuu iliubatilisha mpango wa jiji la Peoria wa kulipa takriban dola milioni 2.6 kwa chuo kikuu binafsi na mwenye jengo lake, ikisema ukuaji wa uchumi unaotarajiwa si malipo. Jiji lazima lipate kitu halisi chenye thamani inayolingana na kilichotolewa. Ohio, waliko ndugu zetu wengi wa Columbus, iliyazuia mamlaka ya mitaa kukopesha jina lake kwa kampuni tangu katiba ya 1851, kisha mwaka 1965 ikaongeza kifungu kingine kinacholegeza kwa ajili ya viwanda na ajira. Ukisoma kifungu cha kwanza tu utadhani umeshinda kesi.

(Wasomaji wa Kenya wataona tofauti hapa. Kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 212, kaunti haikopi bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Mlinzi amewekwa Nairobi. Huku mlinzi ni mpigakura na jaji.)

Hatua ya 4: Hesabu

Sheria ya Maine inaweka ukomo wa deni la mji kwa asilimia ya thamani ya mali zote za mji kama ilivyokadiriwa na jimbo. Deni la kawaida lisizidi asilimia 7.5, hapo hayahesabiwi madeni ya shule, maji taka, vyanzo vya nishati na uwanja wa ndege. Ukijumlisha yote, lisizidi asilimia 15.

Chukua mji wenye mali za dola milioni 400. Asilimia 7.5 ni milioni 30. Hoja ya milioni 3 inapita bila kuinama. Hapa wengi hukata tamaa, na viongozi hupenda kusema "tuko mbali sana na ukomo". Ni kweli, lakini ukomo huo uko juu mno kumlinda mwenye nyumba ya kawaida. Usiutumie kama kipimo cha busara.

Fanya hesabu hii badala yake. Milioni 3, miaka 20, riba ya asilimia 4, marejesho sawa kila mwaka: ni karibu dola 220,700 kwa mwaka, jumla kama milioni 4.4. Gawa kwa mali za milioni 400. Nyumba yenye thamani ya dola 200,000 itachangia karibu dola 110 kila mwaka kama kampuni haitalipa kitu, au kama dola 2,200 kwa miaka yote 20. Nilipomwonyesha mama wa Uvira namba hiyo alinyamaza, kisha akasema si nyingi kama alivyoogopa, ila anataka kujua atapata nini kwa hiyo mia na kumi. Hilo ndilo swali.

Weka namba za mji wako. Thamani ya jimbo utaipata kwa karani wa mji, na riba mwulize mhazini.

Hatua ya 5: Omba karatasi

Tangazo rasmi la mkutano hubandikwa angalau siku 7 kabla. Siku saba ni chache, kwa hiyo omba nyaraka siku ile ile unapoliona.

Sheria ya Maine ya upatikanaji wa taarifa za umma haidai uwe raia wala mpigakura. Mtu yeyote anaweza kuomba, na ofisi inatakiwa kukiri kupokea ombi lako ndani ya siku 5 za kazi. Andika barua pepe fupi kwa karani. Omba vitu hivi kwa majina: rasimu ya mkataba na kampuni, maoni ya maandishi ya wakili wa hatifungani, hesabu za kampuni za miaka mitatu kama mji unazo, na taarifa ya mhazini.

Maoni ya wakili yana uzito kuliko yanavyoonekana. Baada ya balaa la hatifungani za reli katika karne ya 19, wanunuzi waligoma kununua bila barua ya wakili anayejulikana kusema deni hili ni halali. Mpaka leo bila barua hiyo soko halinunui. Kama wakili bado hajaandika, mji unakuomba uidhinishe kitu ambacho hata mtaalamu wake hajakisainia. Na kama ameandika kwa masharti ("ikiwa majengo yatabaki ya mji..."), masharti hayo ndiyo maswali yako ya mkutanoni.

Sehemu za hesabu za kampuni zinaweza kufichwa kama siri ya biashara. Usipoteze wiki kwa hilo. Uliza tu: nani upande wa mji amezisoma?

Taarifa ya mhazini ni ukurasa mmoja unaoandamana na swali la hatifungani linapoletwa kwa wapigakura. Ina deni lililopo sasa, deni lililoidhinishwa ambalo halijachukuliwa, deni jipya linaloombwa, na makadirio ya riba na jumla ya gharama. Nimewahi kuona watu wakiikunja na kuipepea kwa joto la ukumbi. Isome, halafu kumbuka jambo la kuudhi kidogo: sheria yenyewe inasema kosa katika makadirio hayo halibatilishi hatifungani. Ukigundua kosa, liseme kabla ya kura, maana baadaye halitakuokoa.

Hatua ya 6: Kama ni TIF

Siku hizi misaada mingi kwa biashara Maine haiji kama mkopo wa wazi. Inakuja kwa herufi tatu, TIF (kwa Kiingereza tax increment financing), na inafanya kazi hivi. Mji unachora eneo na kuandika thamani ya mali iliyomo leo. Kampuni ikijenga, thamani inapanda. Kodi inayotokana na ongezeko hilo peke yake inawekwa kando, na kwa mkataba sehemu yake inaweza kurudishwa kwa kampuni kwa miaka kadhaa, isiyozidi 30.

Kwa mlipakodi huu ni mzigo mwepesi kuliko hatifungani zinazobebwa na mji mzima, kwa sababu kampuni isipojenga hakuna cha kurudisha. Viongozi pia wana hoja ya kweli ambayo huieleza vibaya: thamani mpya isipokingwa na TIF, jimbo huuona mji umetajirika, likapunguza msaada wa shule, na mchango wa mji kwa kaunti ukaongezeka. TIF huificha thamani hiyo. Mimi nilichukua mikutano miwili kuelewa.

Angalia haya: kikao cha kusikiliza wananchi kitangazwe gazetini angalau siku 10 kabla, eneo moja kwa kawaida lisizidi asilimia 2 ya ardhi ya mji, na maeneo yote pamoja asilimia 5, na idara ya uchumi ya jimbo iidhinishe. Kisha geuza ukurasa utafute kama mji unakopa leo kwa kutegemea ongezeko la kesho. Ukilikuta hilo, rudi Hatua ya 1, kwa sababu sasa una deni, na ongezeko linaweza lisije.

Hatua ya 7: Kodi ya shirikisho, kwa ufupi

Hatifungani za miji huwa na riba ndogo kwa sababu mnunuzi halipi kodi ya mapato ya shirikisho kwenye riba hiyo. Kampuni binafsi ikitumia zaidi ya asilimia 10 ya mradi, na zaidi ya asilimia 10 ya deni ikalipwa au kudhaminiwa kwa mali au malipo ya biashara binafsi, nafuu hiyo inapotea, isipokuwa mradi uingie kwenye makundi maalumu. Kundi la viwanda vidogo lina ukomo wa dola milioni 10, na tangu 1982 linahitaji pia kikao cha kusikiliza wananchi. Uliza: riba mliyoweka kwenye hesabu ni ya yenye nafuu au isiyo na nafuu? Jibu likibadilika, rudia hesabu ya Hatua ya 4.

Hatua ya 8: Mkataba

Hapa ndipo pesa hulindwa au kupotea, na ndipo watu huwa wamechoka. Soma hata kama umechoka.

Tafuta kwanza rehani: mji uko wa ngapi kwenye mali ya kampuni? Benki ikiwa ya kwanza na mji wa pili, kampuni ikianguka benki inakula nyama, mji unapewa mchuzi. Tafuta dhamana ya wenye kampuni kwa majina yao. Kama waliounda kampuni hawataki kuweka chochote chao, kwa nini mama wa Uvira aweke nyumba yake?

Kisha ajira. "Takriban kazi 60" halina maana mahakamani. Mkataba uwe na idadi, mshahara wa chini, tarehe, na nani atahesabu. Uwe na kifungu cha kurudisha: zikipatikana kazi 20 badala ya 60, pesa irudi kwa uwiano, ndani ya siku ngapi. Na kampuni ikiuzwa, mnunuzi anarithi masharti?

Mwisho angalia mpangilio wa malipo. Pesa itoke kwa hatua, kila hatua ikikaguliwa: msingi, kuta, paa. Mkataba unaotoa milioni 3 siku ya kwanza umeandikwa na wakili wa kampuni.

Hatua ya 9: Siku ya mkutano

Mkutano wa mji ni ukumbi wa shule, viti vya kukunja, birika la kahawa na meza ya keki za kuchangia safari ya wanafunzi. Msimamizi husoma hoja moja moja. Hoja ya 31 hufika saa ya tatu usiku, nusu ya watu wakiwa wameshaondoka kuwahi watoto. Usiondoke.

Kama wewe si mpigakura wa mji huo, unaweza kuzungumza pale tu theluthi mbili ya wapigakura waliopo wakikuruhusu. Omba ruhusa hiyo mapema, kwa heshima, kupitia msimamizi. Mara nyingi hutolewa. Au mpe mpigakura swali lako limeandikwa. Swali moja, lisizidi sentensi mbili. Mzee mmoja mwenye koti la kuwindia aliuliza hivi mwaka jana: "Wakifunga mwaka wa tatu, ufunguo wa jengo unashikwa na nani?" Mezani hakuna aliyejibu kwa sekunde nyingi, na ukumbi mzima ulielewa.

Hoja ya kifedha haiwezi kugeuzwa kuwa kitu kingine pale pale, lakini inaweza kupunguzwa au kuahirishwa. Kuahirisha ni kura rahisi kupatikana kuliko kukataa. Na mkitaka hoja yenu iingie kwenye mkutano ujao, kusanyeni sahihi za wapigakura wafikao asilimia 10 ya kura zilizopigwa mjini kwenye uchaguzi uliopita wa gavana, na zisipungue 10.

Hatua ya 10: Mahakamani

Kura imepita na bado unaamini lengo haliruhusiwi na sheria. Maine ina mlango wa watu wadogo: sheria inasema wakazi wasiopungua 10 wanaotozwa kodi wanaweza kuiomba mahakama kuzuia mji usiweke rehani jina lake, usitoze kodi wala kulipa pesa kwa jambo lisiloruhusiwa. Angalia maneno. Ni wakazi wanaotozwa kodi. Halikuandikwa neno raia. Mwenye nyumba aliyekuja juzi kutoka Bujumbura na bili yake ya kodi ana la kuzungumza na wakili.

Msiende na malalamiko kwamba mpango ni mbaya. Jaji hana kazi na mpango mbaya. Nendeni na kifungu: pesa hii si ya ardhi wala jengo, au wapigakura hawakuidhinisha, au tangazo lilibandikwa siku 4 badala ya 7. Siku za kufungua kesi za namna hii zinaweza kuwa chache sana, kwa hiyo mwone wakili wiki ile ile ya kura. Peleka tangazo, taarifa ya mhazini, rasimu ya mkataba, barua pepe zote mlizojibiwa, na nakala ya bili ya kodi ya kila mmoja wa wale kumi. Mwombe wakili aombe zuio la muda kabla ya tarehe ya kuuza hatifungani. Tarehe hiyo mnaipata kwa mhazini. Mpigieni Jumatatu asubuhi.